Kusanifisha majina ndani ya programu: kwa nini jina bovu hudumu miaka mingi

Wapo kati yenu wanaokumbuka zile siku tatu ambazo ukurasa wetu wa bei za mazao ulikuwa mweupe. Ukiufungua kwenye simu unaona jina la redio juu, na chini yake hakuna kitu. Simu zilipigwa studio tangu asubuhi. Mama mmoja alitwambia ameuza magunia mawili ya maharage kwa bei aliyotajiwa na mnunuzi, kwa sababu hakuwa na mahali pa kuilinganisha. Siku ile hatukuwa na jibu la kumpa zaidi ya pole.

Jibu tulilipata baadaye, nalo lilikuwa dogo kuliko tulivyodhani. Hakuna aliyeivamia tovuti, wala umeme haukukatika. Kampuni inayotuhifadhia tovuti ilihamia toleo jipya la lugha ya kompyuta iitwayo PHP. Katika toleo hilo, kifaa kimoja kilichokuwa kikikubali kutumiwa kwa namna mbili kilianza kukubali namna moja tu. Tovuti yetu ilikuwa ikitumia ile namna iliyoondolewa.

Tuliahidi hewani kwamba tutaliandika jambo hili kwa urefu, kwa sababu halihusu tovuti yetu peke yake. Watu waliotengeneza vifaa hivyo miaka mingi iliyopita walivipa majina bila utaratibu. Sasa wanataka kuviweka sawa, na kila wanapogusa jina moja, mtu fulani mahali fulani anakuta ukurasa mweupe.

Maktaba ya programu ni nini

Fundi seremala akija kukutengenezea mlango haanzi kwa kufua msumeno. Anakuja na sanduku lenye msumeno, randa, patasi na nyundo zilizokwisha kutengenezwa. Mwandishi wa programu naye hufanya hivyo hivyo. Hatengenezi kila kitu upya, bali huchukua sanduku la vifaa vilivyoandikwa na wenzake. Sanduku hilo huitwa maktaba ya programu.

Kila kifaa ndani ya maktaba huitwa fankisheni, na kila fankisheni ina jina. Katika PHP ipo iitwayo strlen, kazi yake ni kupima urefu wa maandishi. Ipo str_replace, ambayo hutafuta neno na kuweka jingine mahali pake. Ipo implode, ambayo huchukua orodha, mfano mahindi, maharage, mpunga, na kuiunganisha iwe mstari mmoja wenye alama ya mkato kati ya neno na neno. Hii ya mwisho ndiyo iliyokuwa ikitupangia bei za mazao.

Ili kifaa kifanye kazi, mwandishi anatakiwa ajue mambo mawili: jina lake kamili, na mpangilio wa vitu anavyokipa. Ni kama menyu ya kutuma pesa kwenye simu yako. Ukiulizwa namba ya simu unaandika namba, ukiulizwa kiasi unaandika kiasi. Siku mtandao ukibadilisha ukaanza kuuliza kiasi kwanza, wewe uliyezoea kubonyeza bila kusoma utaingiza namba ya simu mahali pa pesa.

Kuna tofauti moja kubwa kati ya mtu na kompyuta. Ukimwita Jumaa badala ya Juma, atageuka na kukuuliza unasemaje. Kompyuta haigeuki. Jina likikosewa herufi moja, au likiwa halipo tena, kazi husimama papo hapo. Kwa hiyo jina la fankisheni likishatolewa kwa watu ni ahadi. Anayelibadilisha anavunja ahadi hiyo kwa kila aliyelitumia, hata kama jina jipya ni zuri zaidi.

PHP na majina yake

PHP ilianzishwa mwaka 1994 na Rasmus Lerdorf, kijana aliyezaliwa Greenland, ambaye alitaka tu kujua ni watu wangapi wanasoma ukurasa wake wa wasifu kwenye intaneti. Mwaka 1995 alitoa kazi yake hadharani. Hakuwa na mpango wa kutengeneza lugha ya dunia nzima. Lakini watu waliipenda, na leo Wikipedia, ikiwa ni pamoja na Wikipedia ya Kiswahili, inaendeshwa kwa PHP. WordPress, ambayo tovuti nyingi za magazeti, shule na redio zimejengwa juu yake, nayo ni PHP.

Sasa tazama majina yake. Fankisheni ya kupima urefu ni strlen, imeandikwa kwa mkupuo. Ya kubadilisha neno ni str_replace, ina mstari mdogo wa chini katikati. Zote mbili zinahusu maandishi, lakini moja ina mstari na nyingine haina. Vivyo hivyo urlencode haina mstari, ila base64_encode inao. Ipo isset bila mstari, halafu ipo is_null yenye mstari. Kuna fankisheni iitwayo bin2hex, ambayo imetumia tarakimu 2 kumaanisha kwenda, na nyingine iitwayo strtolower, ambayo imeandika maana hiyo hiyo kwa herufi.

Mpangilio nao umechanganyika. Ukitumia in_array kutafuta kitu kwenye orodha, unataja kwanza kitu unachokitafuta, halafu orodha. Ukitumia strpos kutafuta neno ndani ya maandishi, unataja kwanza maandishi, halafu neno. Kazi zinafanana, mpangilio umegeuzwa.

Mchanganyiko huu una sababu zake.

Sababu ya kwanza ni urithi. Majina kama strlen yalichukuliwa jinsi yalivyo kutoka lugha ya C, iliyozaliwa miaka ya 1970. Katika C majina yalikuwa mafupi kwa lazima. Hata kiwango rasmi cha C cha mwaka 1989 kilihakikisha herufi 6 tu za mwanzo kwa majina yanayotumika kati ya faili na faili. Hesabu mwenyewe herufi za strlen: ni 6.

Sababu ya pili inachekesha kidogo, na Lerdorf mwenyewe ameieleza. Siku za mwanzo, PHP ilipanga majina ya fankisheni katika makundi kulingana na idadi ya herufi zake, kama mwenye duka anayepanga bidhaa rafu kwa rafu. Rafu moja ikijaa sana, kutafuta kunachelewa. Kwa hiyo baadhi ya majina yalipewa urefu tofauti ili yagawanyike vizuri kwenye rafu. Jina refu kama htmlspecialchars ni mtoto wa zama hizo. Mpangilio huo wa rafu ulikwisha zamani, majina yamebaki.

Sababu ya tatu ni wingi wa mikono. Kila aliyejitolea kuongeza kifaa alikipa jina kwa mazoea yake. Hapakuwa na mzee wa kusema, hapa kwetu tunaandika hivi.

Hasara yake ni nini

Mtu anaweza kuuliza, kama kifaa kinafanya kazi, jina lina ubaya gani? Ubaya wake wa kwanza humpata anayejifunza. Kijana anayesoma programu kijijini kwa simu yenye kifurushi kidogo, kila akisahau kama kuna mstari au hakuna, anatakiwa arudi kwenye maelezo. Majina yakiwa na utaratibu, akijua matano anaweza kubahatisha la sita na akapata. Yasipokuwa na utaratibu, anakariri kila moja peke yake.

Ubaya wa pili ni makosa yasiyopiga kelele. Jina likikosewa kompyuta hukataa, na hiyo ni afadhali. Lakini ukigeuza mpangilio wa strpos, vyote viwili vikiwa ni maandishi, kompyuta haioni kosa. Inatafuta sentensi nzima ndani ya neno, haiipati, na inakujibu kwamba neno halipo. Programu inaendelea kwa jibu la uongo.

Njia zinazotumika kuyaweka sawa

Watunzaji wa maktaba kubwa wamejaribu njia nne, na kila njia ina bei yake.

Ya kwanza ni kuongeza jina jipya na kuliacha la zamani liendelee. Kifaa kimoja kinakuwa na majina mawili, kama mtoto mwenye jina la shule na jina la nyumbani. Lugha ya Python ilifanya hivyo. Mwaka 2001 Python iliandikiwa mwongozo wa uandishi uitwao PEP 8, nao unataka majina ya fankisheni yawe kwa herufi ndogo na mstari wa chini kati ya neno na neno. Lakini sehemu yake iitwayo threading ilikuwa imeiga majina ya lugha ya Java, kama currentThread. Mwaka 2008, katika toleo la 2.6, liliongezwa jina current_thread bila kuliondoa lile la kwanza. Hakuna programu iliyovunjika. Bei yake ni kwamba maktaba inanenepa, na anayesoma kazi za wenzake bado analazimika kuyajua majina yote mawili. Tangazo la kulistaafisha jina la zamani lilitolewa mwaka 2021, miaka 13 baadaye.

Ya pili ni kutangaza kwanza, kisha kuondoa. PHP ilikuwa na is_real, ambayo ilifanya kazi ile ile ya is_float, yaani kupima kama namba ina desimali. Toleo la 7.4, lililotoka Novemba 2019, lilianza kutoa onyo kila is_real ilipotumika. Toleo la 8.0, la Novemba 2020, liliiondoa kabisa. Onyo lilidumu mwaka mmoja.

Python ina mfano wa subira zaidi. Katika sehemu yake ya kupima programu, kazi ya kuhakikisha vitu viwili ni sawa ilikuwa na majina kadhaa, likiwemo assertEqual na lile lenye herufi moja zaidi, assertEquals. Iliamuliwa libaki assertEqual. Lile la pili liliwekewa onyo tangu toleo la 3.2 la mwaka 2011. Walipoliondoa katika matoleo ya majaribio ya 3.11, kazi nyingi za watu zilivunjika, wakalirudisha. Liliondoka kweli katika toleo la 3.12, Oktoba 2023. Herufi moja iliwachukua zaidi ya miaka 12.

Ya tatu ni kubadilisha mengi kwa mpigo. Python ilifanya hivyo Desemba 2008 ilipotoa toleo la 3.0. Majina mengi yalinyooshwa siku moja, na kikatolewa chombo kiitwacho 2to3 cha kusaidia kuandika upya programu za zamani. Hata hivyo watu hawakuhama haraka. Mwisho wa Python 2 ulipangwa kuwa 2015, ukasogezwa hadi tarehe 1 Januari 2020. Na kulikuwa na mtego ndani yake. Fankisheni raw_input, inayopokea alichoandika mtumiaji, ilipewa jina input. Lakini jina input lilikuwa tayari linatumika katika Python 2 kwa kazi nyingine, ile ya kupokea maandishi na kuyatekeleza kama amri. Kumpa mgeni jina la mwenyeji aliyehama kunamchanganya jirani kuliko kumpa jina ambalo halijawahi kutumika mtaani.

Ya nne ni kuacha kama ilivyo. Mfumo wa Unix una amri ya ndani ya kuunda faili iitwayo creat. Neno lenyewe la Kiingereza lina herufi e mwishoni, hapa haipo. Ken Thompson, mmoja wa waasisi wa Unix, alipoulizwa angebadilisha nini kama angeanza upya, alijibu kwamba angeiongeza hiyo e. Haijaongezwa mpaka leo.

Mfano mwingine uko mkononi mwako. Ukibonyeza kiungo kwenye simu, mara nyingi simu huiambia tovuti unayokwenda kwamba umetokea ukurasa gani. Ujumbe huo una jina Referer. Tahajia sahihi ya Kiingereza ina r nne, hii ina tatu. Kosa liliingia kwenye maelezo rasmi ya mwaka 1996, na simu na kompyuta za dunia nzima zinalirudia hadi sasa kwa sababu kulisahihisha kungevunja mengi.

PHP imechagua nini

Mapendekezo ya kuyaandika upya majina ya PHP yote kwa utaratibu mmoja yametolewa zaidi ya mara moja, hayakupita. Mabadiliko ya PHP hupigiwa kura na watengenezaji wake, na hutakiwa theluthi mbili kukubali. Hoja ya wanaokataa ni nzito: faida wanaipata wanaoanza leo, hasara inawaangukia wenye tovuti za zamani, ambao wengi hawana fundi wa kuwaita.

Badala yake wamekwenda polepole. Kwanza, vifaa vipya vinapewa majina yenye utaratibu. Toleo la 8.0 lilileta str_contains, str_starts_with na str_ends_with, zote zina mstari na zote zinataja maandishi kwanza. Pili, toleo hilo hilo liliruhusu mwandishi kutaja kila kitu anachokipa kifaa kwa jina lake, kwa mpangilio wowote. Ni kama fomu yenye visanduku vilivyoandikwa jina na umri, huwezi kuvichanganya. Kabla ya kuliruhusu hilo walipitia majina ya visanduku katika maktaba nzima wakayalinganisha, kwa sababu nayo yalikuwa yanageuka kuwa ahadi. Tatu, waliondoa ruhusa chache za ajabu, na hapo ndipo sisi tulipokutwa.

Kwa miaka mingi implode ilikubali kupewa alama ya mkato kwanza kisha orodha, au orodha kwanza kisha alama. Toleo la 7.4 lilianza kutoa onyo kwa namna ya pili, toleo la 8.0 likaikataa. Kijana aliyejitolea kututengenezea ukurasa wa bei alikuwa ameandika orodha kwanza. Hakukosea, kwa maana wakati wake iliruhusiwa.

Onyo lilikuwepo. Lilikuwa likiandikwa kila siku ndani ya faili la seva ambalo hakuna mtu hapa studio aliyejua kwamba lipo. Kampuni nayo ilituma barua pepe kabla ya kuhama, ikaenda kwenye anwani ya yule kijana, ambaye alikuwa amekwisha hama mkoa. Matengenezo yenyewe, tulipompata mtu, yalikuwa kugeuza vitu viwili katika mstari mmoja. Yalichukua dakika chache baada ya siku tatu.

Kiswahili nacho kilipitia hapa

Neno tulilotumia kwenye kichwa, kusanifisha, ni neno la lugha kabla ya kuwa la kompyuta. Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa ulichagua lahaja ya Kiunguja iwe msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya lugha kwa nchi za Afrika Mashariki. Vitabu vya shule vikafuata tahajia moja, mtoto wa Tabora na wa Kisumu wakaweza kusoma kitabu kimoja. Lakini msemaji wa Kimvita au Kiamu hakunyamaza, na akisema kwa lahaja yake wengi bado wanamwelewa. Binadamu huishi na majina mawili bila shida. Kompyuta haiwezi, mpaka mtu aiandikie kwamba majina hayo mawili ni kitu kimoja.

Kama una tovuti ya kikundi, shule au duka

Baada ya yaliyotupata, haya ndiyo tunayoyafanya sasa, na tunamshauri kila mwenye tovuti ndogo ayafanye.

Jua tovuti yako inatumia lugha gani na toleo gani. Muulize anayekuhifadhia akuandikie, na uweke karatasi hiyo pamoja na hati nyingine za kikundi.

Hakikisha barua pepe za tahadhari zinakwenda kwenye anwani ya ofisi, inayofunguliwa na zaidi ya mtu mmoja. Anwani ya mtu binafsi huondoka naye.

Kabla ya kuhama toleo, omba nakala ya tovuti ijaribiwe pembeni. Fungua kila ukurasa kwa simu, siyo ule wa mwanzo tu. Wetu wa mwanzo ulikuwa mzima siku zote tatu.

Muulize fundi wako kuhusu maonyo yaliyoandikwa kwenye seva, angalau mara mbili kwa mwaka. Onyo la leo ndilo ukurasa mweupe wa mwakani.

Na wewe kijana unayejifunza kuandika programu: kabla hujampa kifaa chako jina, tazama majina yaliyopo na ufuate utaratibu wake. Kabla ya wengine kukitumia, kubadilisha jina ni kazi ya dakika moja. Wakishalizoea, litakuwa la watu na siyo lako tena.

Ukurasa wa bei za mazao unafanya kazi, na bei husasishwa asubuhi kabla ya soko kufunguliwa. Ukiukuta mweupe tena, tupigie simu studio saa hiyo hiyo, usingoje siku ya tatu.